Goma–Kinshasa: kilometa 1,560 ambazo hazitulii mahali pamoja



Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, ambaye alizaliwa huku Uganda na hajawahi kuiona Goma kwa macho yake, aliandika majina mawili kwenye simu yangu: Goma, Kinshasa. Simu ikamjibu bila kusita. Kilometa 1,560 kwa mstari ulionyooka, saa mbili na nusu hivi kwa ndege. Akaniangalia.

"Kaka, saa mbili na nusu? Sasa mama mukubwa alichukua siku tatu kwa nini?"

Hakuwa anauliza jiografia. Mwaka 2025, mwezi wa tano, kaka yetu, mtoto wa mama mkubwa, alifariki Kinshasa. Alikuwa anasoma kule. Mama mkubwa yuko Goma, sisi tuko Nakivale, maiti iko Kinshasa kwenye mochwari inayotoza kwa siku. Mambo ya siku zile nyumbani kwetu nitayafikia. Lakini swali la mdogo wangu nilitaka kulijibu kwa sentensi moja, nikashindwa, kwa sababu ile safari imebeba historia ya miaka mia moja. Basi nimeamua kuiandika hapa, maana wengi wetu tunatoka upande ule, na hata wale wa Burundi na Rwanda walioko kwenye kundi hili, wazazi wao wengine wanaijua hii njia vizuri kuliko mimi.

Kwanza tuipe simu haki yake. Haikudanganya. Inachukua uwanja wa Goma na uwanja wa N'djili wa Kinshasa, inapima mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, kisha inagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, kilometa mia nane na kitu kwa saa, na kuongeza nusu saa hivi ya kupanda na kushuka. Ndiyo hesabu yote. Haiulizi nani ameshika uwanja. Haiulizi kama una pasipoti.

Tena kuna kituko kingine ambacho simu haikumwambia dogo. Kongo ina saa mbili tofauti. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiondoka Goma saa nne asubuhi ukaruka saa mbili na nusu, unatua Kinshasa saa tano na nusu. Kwa saa ya ukutani umesafiri saa moja na nusu tu, raha kabisa! Deni unalilipa wakati wa kurudi: unatoka Kinshasa saa nne asubuhi, unafika Goma saa saba na nusu mchana. Hivyo hata siku za amani, safari hii haikuwa na urefu mmoja.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Kongo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa za Afrika kupata usafiri wa ndege. Mwaka 1920 Wabelgiji walianzisha mstari uliopewa jina la mfalme wao Albert, wa kutoka Kinshasa kupanda mto hadi Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Zilikuwa ndege za kutua majini. Zilifuata mto kwa sababu mto ndio ulikuwa barabara pekee iliyoonekana kutoka juu, na kama injini ikizima, rubani anashuka majini. Mstari ule haukudumu, kufika 1922 ulikuwa umekufa. Lakini wazo lilibaki: kwamba nchi hii ni kubwa mno na ina msitu mno, bora kuipita kwa juu.

Mwaka 1923 ikaanzishwa kampuni ya Sabena. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili wakaondoka Brussels kuelekea Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Walifika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Na katika hizo siku 51, angani walikaa saa zipatazo 75 tu. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kungoja: vifaa, matengenezo, hali ya hewa. Mtu aliyewahi kukaa mpakani na kibegi chake akisubiri jina lake liitwe ataelewa hesabu hiyo haraka kuliko Mbelgiji yeyote. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929 kwa ajali ya ndege, hukohuko Kongo, karibu na Ziwa Tanganyika.

Kufika 1935 safari ya Ubelgiji–Kongo ilikuwa ya ratiba, siku tano na nusu. Angalia jambo hili: njia ya kwenda Ulaya ilitengenezwa kwa bidii, na njia za kutoa madini na mpira zilitengenezwa kwa bidii, lakini hakuna aliyekaa chini akasema mtu wa Goma awe na barabara ya kumfikisha Kinshasa. Biashara ya mtu wa Goma ilikuwa Bukavu, Kisangani, Gisenyi, Kampala, baadaye Nairobi hadi Mombasa. Kiswahili chetu kinatoka upande huo. Kinshasa walizungumza Kilingala na waliangalia bahari nyingine.

Uhuru ulipokuja 1960, jambo hilo halikubadilika. Kampuni ya taifa ilizaliwa 1961 kwa jina la Air Congo, na 1971 ikawa Air Zaïre. Wazee wetu walipanda ndege zake, na wengi wanakumbuka zaidi walivyozingoja. Watu waliibandika jina la Air Peut-être, yaani Air Labda. Labda itakuja, labda haitakuja. Ilifilisika 1995. Wakati huohuo rais Mobutu alijijengea kijijini kwake Gbadolite uwanja wenye njia ndefu ya kurukia, hata Concorde ilitua pale. Barabara ya lami ya kutoka Goma hadi Kinshasa? Haikuwepo wakati ule, haipo leo. Anayetaka kwenda kwa chini anatafuta njia ya kupita Beni na Mambasa hadi Kisangani, kama njia ni salama, kisha anashuka mto kwa boti. Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilometa 1,700, na boti za mbao zinakula wiki kadhaa. Ndiyo maana ninasema kwa watu wetu ndege haikuwa anasa ya matajiri. Ilikuwa ndiyo barabara. Mwanamke mwenye mafungu ya maharage na jibini ya Masisi alipanda ndege, kwa sababu hakukuwa na basi.

Julai 1994 dunia nzima ilijifunza jina la Goma. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 800,000 walivuka mpaka ndani ya siku chache. Kati yao walikuwemo wauaji, na walikuwemo watoto, akina mama, watu waliosukumwa tu na woga. Kipindupindu kikaingia kambini, kikaua makumi ya maelfu ya watu. Ndege kubwa za mizigo zikatua Goma usiku na mchana na maji, dawa na chakula. Mzee mmoja jirani yetu hapa Nakivale, aliyekuwa mpagazi pale uwanjani, huwa anasema hajawahi kuona ndege nyingi vile wala maiti wengi vile, na vyote kwa wiki moja. Ndege zilikuwa zinatoka upande wa pili wa dunia kwa masaa, na kutoka uwanjani hadi kambini, mwendo wa kilometa chache, maji yalikuwa hayafiki.

Halafu ikaja miaka ambayo umbali wa Goma–Kinshasa ulipimwa kwa miguu.

Oktoba 1996 vita vya AFDL vilianza Kivu. Goma ilianguka mwanzoni mwa Novemba. Kisangani ikaanguka katikati ya Machi 1997, na tarehe 17 Mei wapiganaji wakaingia Kinshasa. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni siku kama 197. Wengi wao walikuwa vijana wadogo, kadogo, wakiwa na mabuti ya mpira, wakitembea na kudandia malori. Ndio walioingia na Kiswahili katikati ya mji wa Kilingala. Mpaka leo Mkinshasa wa umri fulani akisikia Kiswahili anakumbuka bunduki kwanza, na hilo limetugharimu wengi wetu tuliokwenda kule na shida zetu tu.

Mbele ya wapiganaji wale walikuwa wakimbizi. Kambi za Goma na Bukavu zilipovunjwa, wengi walirudi Rwanda, lakini maelfu kwa maelfu walikimbilia ndani ya msitu, kuelekea magharibi. Walipita Walikale, wakafika Tingi-Tingi karibu na Lubutu, watu zaidi ya laki moja wakajikusanya pale. Mnajua Tingi-Tingi palikuwa nini? Kipande cha barabara kilichopanuliwa ili ndege zitue. Watu walilala pembeni ya njia ya ndege, ndege za misaada zikitua katikati yao na kuondoka. Kwa ndege kutoka pale hadi Kinshasa ilikuwa safari ya saa mbili tu. Wao waliendelea kwa miguu. Mwishoni mwa Februari 1997 kambi ile ilivunjwa nayo, wakaendelea tena, wengine hadi Mbandaka, wengine wakavuka mto kuingia Kongo-Brazzaville. Wengi hawakufika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika mauaji waliyofanyiwa njiani, mahali kwa mahali. Marie Béatrice Umutesi, mkimbizi Mnyarwanda, alitoka hai na kuandika kitabu kiitwacho Fuir ou mourir au Zaïre, kilichotoka mwaka 2000. Yeye alitembea karibu kilometa 2,000. Kwa mstari wa simu ya mdogo wangu, kutoka Kivu huwezi kupata kilometa 2,000 mpaka umepita Kinshasa. Miguu haifuati mstari. Inazunguka mto, inazunguka kijiji kinachowaka, inarudi nyuma kumtafuta mtoto.

Ninajua katika kundi hili kuna watoto wa waliopita njia hiyo, na kuna watoto wa waliowakimbia baadhi ya hao waliopita. Tumekaa darasa moja hapa Nakivale. Siandiki kumhukumu mzazi wa mtu. Ninaandika njia.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, njia hiyohiyo ikapitwa kwa masaa. Agosti 1998 vita vipya vilipoanza, askari chini ya James Kabarebe waliteka ndege za kiraia pale uwanja wa Goma na kuruka nazo hadi kambi ya jeshi ya Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, kilometa kama 1,900 kutoka Goma. Wakashika bwawa la Inga na Kinshasa ikaingia gizani. Kama Angola na Zimbabwe zisingeingilia, pengine mji ungeanguka. Mimi nikisoma habari hii huwa nasimama hapo kidogo. Raia wa Goma alikuwa akikaa uwanjani siku tatu anangoja Air Labda. Vita vilipotaka ndege, vilipata siku hiyohiyo.

Uwanja wenyewe nao una majeraha yake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikashuka katikati ya mji na kufunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, karibu theluthi yake. Njia ya kilometa tatu ikabaki kama mbili. Kwa miaka mingi ndege ziliruka kutoka kwenye njia iliyokatwa, huku mbele kuna jiwe jeusi na nyuma kuna mtaa wa Birere umejaa watu. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 iliyokuwa inakwenda Kisangani na Kinshasa ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia sokoni. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa soko, wanauza na kununua, hawakuwa na tiketi ya kwenda popote.

Nilikuwa mdogo wakati ule, nyumba yetu ilikuwa upande wa Majengo. Moshi ninaukumbuka. Lakini ninakumbuka zaidi siku za kawaida. Ndege ikipita juu ya shule mwalimu alinyamaza mpaka ipite, na sisi tulikimbilia dirishani. Sisi tunaiita ndeke, neno la Kilingala, na maana yake ya kwanza ni yuleyule ndege mwenye mabawa na manyoya, sawasawa na Kiswahili. Tulijua kwa sauti tu kama ni ndeke ya MONUC au ya kwenda Kinshasa. Kaka yetu huyu niliyemtaja ndiye alikuwa hodari kuliko wote. Alisema siku moja atakuwa ndani, na atatupungia mkono.

Novemba 2012, M23 walipoingia Goma mara ya kwanza, mama alitubeba tukapita Bunagana, tukalala Nyakabande, tukaishia hapa. Nilikuwa na miaka tisa. Nimepima na hiyo pia: kutoka Nakivale, Goma ni kama kilometa 215 kwa mstari, na Kampala ni hivyohivyo. Tuko katikati kabisa. Kampala nimekwenda mara nyingi.

Mama mkubwa alibaki. Kaka alimaliza sekondari, na mwaka 2019 baba mkubwa akampeleka Kinshasa kuanza masomo. Walipanda ndege asubuhi, na mchana walikuwa wanakula kwa shemeji. Baba mkubwa alitumia karatasi gani? Kadi ya mpiga kura, basi. Ni nchi yake.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma kwa mara ya pili, uwanja ukafungwa. Katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, wa Bukavu, nao ukaenda. Mwezi huohuo serikali ya Kinshasa ikazikataza ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita anga ya Kongo. Ninyi wa mashirika mnajua mizigo ya misaada iliyozoea kutua Goma ilivyobidi izungushwe kwa barabara. Lakini kwa familia ya kawaida maana yake ilikuwa hivi: kwa wengi, njia ya kutoka Goma kwenda makao makuu ya nchi yako kwa ndege ilikuwa kutoka kwanza nje ya nchi yako.

Simu ya msiba ilituingia Jumatano usiku. Tulikusanya tulichoweza. Hapa tuliuza mahindi ambayo yalikuwa ya mbegu, na vijana wa kundi letu walichanga, Mungu awabariki, wanajijua. Bei ya tiketi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka 2019. Pesa ilikuja ikatimia siku ya nane. Lakini pesa haikuwa kizuizi kikubwa. Kizuizi kilikuwa kitabu kidogo. Mama mkubwa kwa bahati alikuwa na pasipoti, aliichukua miaka ya nyuma kwa ajili ya matibabu. Baba mkubwa hana. Kadi yake ya mpiga kura, iliyompandisha ndege mwaka 2019, haiwezi kumpitisha Nairobi. Na kupata pasipoti mpya katika mji ambao ofisi za serikali zimefungwa, utaipata wapi? Basi baba mzazi akabaki Goma.

Mama mkubwa alitoka asubuhi, akavuka mpaka kwenda Gisenyi, akapanda basi la Kigali, kilometa 155 hivi za milima na kona. Akalala kwa dada mmoja wa kanisani. Siku ya pili akapanda ndege ya Nairobi, kilometa 760 kuelekea mashariki. Alinitumia ujumbe wa sauti kabla ya kuzima simu, sauti imekauka: "Banatupeleka nyuma, mutoto. Kinshasa iko kule, banatupeleka huku." Nairobi alikaa uwanjani usiku mzima kwenye kiti cha chuma, na pochi yake ameilalia. Siku ya tatu Nairobi–Kinshasa, kilometa 2,410. Jumlisha mwenyewe: zaidi ya kilometa 3,300 ili kwenda mahali palipo umbali wa 1,560.

Nilifanya jambo ambalo pengine nisingelifanya. Nilichora kwenye ramani ule mstari wa Nairobi–Kinshasa. Unakatiza kusini mwa Ziwa Kivu, karibu na Bukavu. Yaani siku ya tatu ya safari, mstari unampitisha mama mkubwa chini ya kilometa mia moja kutoka kitanda alichoamkia siku ya kwanza. Sijamwambia.

Kinshasa alipofika, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilikuwa sawa, pasipoti ilikuwa sawa. Ofisa mmoja akaona muhuri wa Kigali. Akamuuliza anatoka wapi hasa, anazungumza lugha gani nyumbani, kwa nini amepitia kwa adui. Mama mkubwa Kilingala chake ni cha kuombea maji. Alijibu kwa Kifaransa cha shule ya msingi kwamba amekuja kuzika. Wakamweka pembeni saa mbili na zaidi. Nusu ya muda huo angekuwa amelia kilio chake chote pale mbele yao, lakini anasema hakulia, aliogopa wakidhani anaigiza. Mwisho ofisa mwingine, mtu mzima, akamwambia "Mama, kende", nenda. Simlaumu sana yule wa kwanza. Mji ule umeshapokea wageni kutoka mashariki mara mbili, na mara zote mbili walikuja na vita. Lakini mama mkubwa alikuwa na kitenge na mfuko wa sambusa zilizochacha.

Walimzika kaka siku ya kumi na tatu. Baba mkubwa alikuwa kwenye simu. Shemeji aliishika juu ya kaburi, mtandao ukakatika mara mbili, mara ya pili haukurudi mpaka udongo umeshajaa. Sisi Nakivale tulikuwa tumekaa kwa jirani mwenye sola, kwa sababu simu zetu hazikuwa na moto. Hivyo ndivyo nilivyojaribu kumweleza mdogo wangu, si kwa maneno yote haya. Alisikiliza, halafu akasema, "Kwa hiyo simu ilipima njia ya ndeke ambayo haipo." Nikamwambia njia ipo, angani hakuna aliyeichimba. Uwanja ndio umefungwa.

Mama mkubwa bado yuko Kinshasa. Tiketi ya kurudi ilishapita tarehe, na anaogopa kupitia uwanjani tena na muhuri ule. Saa yake ya mkononi ameiacha kwenye saa za Goma, anasema ili ajue baba mkubwa anakula saa ngapi. Sasa anauliza habari za mto: boti hadi Kisangani, halafu aone kama kuna gari la kwenda Beni. Ana miaka sitini na moja, mimi moyo wangu haukubali, lakini ananiuliza kila wiki na sina jibu la uhakika. Kama kuna mtu humu amepanda boti Kinshasa–Kisangani karibuni, au ana ndugu aliyepanda, tafadhali aniandikie: ni siku ngapi, ni kiasi gani, wanalala wapi usiku, na kutoka Kisangani kuja Beni magari yanapita au hayapiti.